Kengele za Baba kwenye Miziki ya Komanda

Watu wa mbali wakisikia kwamba miaka ile ya vita sisi wa Uvira tulikuwa tunacheza dansi, wanaona tunawadanganya. Tulicheza. Ila tulicheza mchana, jua likiwa kali, kwa sababu likishazama hakuna aliyeruhusiwa kuonekana barabarani, na askari wa doria hawakuwa watu wa kuuliza mara mbili. Baada ya chakula cha mchana ungesikia kule Kasenga, mtaa wetu, nyuma ya duka la mafuta ya taa, bum, bum, bum, bum, na vijana wanatoka mu maparseli, viwanja vyao, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda misa. Bunduki zilikuwa pale pale kwenye kona zinawatazama. Sisemi walikosea. Minye pia nilikuwa naosha vyombo na kichwa kinatikisika chenyewe.

Mwenye ile bum-bum alikuwa fundi wa redio wa avenyu yetu. Mwanaume mrefu, mkavu, shati lake limejaa matundu ya cheche. Kabla ya vita aliishi Bujumbura, akitengeneza vyombo vya miziki kwenye nyumba za dansi, na aliporudi alikuja na mashine nyeusi yenye vitufe vingi, unaweza kuibeba kwapani kama mkate. Alisema ngoma zote za Ulaya ziko mule ndani. Aliiunganisha na batri ya gari na maspika aliyojijengea kwa mbao za sanduku. Akibonyeza kitufe kimoja inaanza, na haisimami mpaka batri ife.

Sisi tulizoea miziki ya magitaa, ile ambayo mtu analia na jina la mpenzi wake mpaka unamhurumia. Hii ya fundi haikuwa na mtu ndani. Ilikuwa inatembea tu. Nadhani ndiyo maana vijana waliipenda: haikusema lugha yoyote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukuuliza kwa nini unacheza ya wale au ya hawa. Lakini fundi mwenyewe alijua kuna kitu kinakosekana. Siku moja tulikutana kwenye bomba la maji, akaniambia:

"Dada, hii kitu yangu iko na mifupa tu. Minye natafuta nyama."

Nyama aliyoitafuta ilikuwa kwetu, imetundikwa ukutani juu ya kitanda cha mama.

Baba yangu alikuwa mfua kengele, kule kwetu Sange. Alizifua kwa majembe yaliyokwisha na spring za magari yaliyokufa barabarani. Wawindaji walizinunua kwa ajili ya mbwa, ili mbwa akiingia kwenye majani marefu wamsikie yuko wapi. Wachungaji walizinunua kwa ajili ya mbuzi. Wachezaji wa ngoma walizifunga miguuni, na kwaya ya Wakatoliki nao walichukua zao. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Baada ya hapo nilikaa kwenye mivukuto, napuliza moto, na baba ananifundisha masikio. Kila kengele aliizaa pamoja na mwenzake, ya kiume na ya kike. Ya kiume sauti yake iko chini, inasema mara moja. Ya kike inajibu juu, na inachelewa kunyamaza. Akimaliza jozi aliniambia nigeuke nitazame ukuta, anazipiga, ninamwambia ipi ina kidonda. Yenye kidonda ilirudi motoni.

Na alikuwa na mwendo wake wa kupiga. Aliutoa kwa mbwa mmoja wa mwindaji, mbwa aliyeumizwa na mtego akawa anatembea kwa miguu mitatu. Baba alikaa mlangoni siku nzima akimsikiliza yule mbwa anavyopita na kengele shingoni: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na kati ya tatu na moja kuna kamruko. Watu walicheka. "Muzee anajifunza miziki kwa mbwa!" Lakini harusi zote za Sange, wachezaji walitaka ule mwendo. Kengele bora kuliko zote, ambazo hakuziuza, alizifunga kwenye kamba mbili za ngozi, ya kiume mkono wa kulia, ya kike mkono wa kushoto. Hizo alinifundisha minye peke yangu.

Vita vilipotutoa Sange tukaja Kasenga, alibeba zile kamba mbili na nyundo. Kisha mpunga ulipokaribia kuiva akarudi kuangalia shamba, hakufika. Mama mmoja aliyepita barabara ile siku ile alituambia alimwona amelala kando ya mfereji, mfuko wa nyundo uko pembeni yake. Alitaka kuinama, askari akamwambia, "Weye, pita, au ulale naye." Akapita. Simlaumu. Tulipopata mtu wa kwenda kutazama, mfereji ulikuwa mtupu.

Barabara ile ilikuwa ya komanda aliyekaa Uvira. Askari wote wa pale walikuwa wake, walikula kwa amri yake na waliua kwa amri yake, na mtu asinidanganye kwamba hakujua. Jina lake ninalijua. Siliandiki hapa kwa sababu leo anapita kwenye lami na gari lenye walinzi, na minye niko na watoto.

Nyumbani kwetu kifo kikiingia, kengele zinafungwa ulimi. Mama alichukua kamba za mgomba akazifunga moja moja, akabana ule ulimi wa chuma usiguse ukuta wa kengele. Zinakaa hivyo mpaka siku ya kutosha kilio, ya kukiondoa, ambapo watu wanakaa kaburini, wanakula, wanarudi, na mkubwa wa nyumba anazifungua. Sisi kaburi hatukuwa nalo. Kwa hiyo kilio hakikuwa na mlango wa kutokea. Kengele zilining'inia pale juu ya kitanda, zimenyamaza, na mama akilala chini yake.

Fundi alikuja kuziomba.

"Dada, nikopeshe zile kengele. Jumapili moja tu."

"Ziko na kilio."

"Na minye niko na kilio. Nani mu Uvira hii haiko na kilio?"

"Basi na weye ufunge mashine yako ulimi."

Alicheka, akakuna kichwa, akaenda zake. Alinunua kengele za mbuzi sokoni, zile za bati, akampa kijana mmoja azitikise juu ya ile bum-bum. Ilisikika kama mtu anayeosha vijiko. Hata hivyo watu waliipenda, na askari waliokuwa wanakunywa pale wakaipenda, na maneno yakafika kwa komanda kwamba Kasenga kuko fundi anayeoanisha kengele na miziki ya mashine.

Halafu askari walimchukua mdogo wangu.

Alikuwa mwanaume wa miaka ishirini na kitu, kazi yake kusukuma baiskeli yenye magunia. Siku nyingine alipandisha chumvi na sabuni milimani, kwa sababu huko juu kulikuwa na watu, mama na watoto, na watu wanakula chumvi. Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, alikwenda akamwambia komanda kwamba kijana yule anawalisha waasi wa msituni. Ni yeye. Sitamficha kwa neno lingine. Alitaka kiwanja chetu cha nyuma, mama alikuwa amemkatalia. Leo anauza sementi na misa ya kwanza anakaa kiti cha mbele, anapeana mkono wa amani na kila mtu, na mkono wangu pia anaushika.

Mdogo wangu aliwekwa mu depo ya zamani ya pamba, ambayo walikuwa wameifanya kasho, gereza lao. Mama alipeleka chakula kila siku. Askari wa mlangoni walikipokea kwa heshima, "Asante, mama," wakakaa kwenye tofali wakakila mbele yake. Kasenga yote tulijua jinsi depo ile ilivyofanya kazi. Anayetoka mapema anatoka kwa miguu. Anayekaa sana, nguo zake zinaonekana baadaye ziwani. Na yeye alikuwa ameshakaa sana.

Ndipo fundi akaja mara ya pili. Alikaa kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni, hakumtazama mama machoni.

"Mama, komanda amevishwa nyota. Jumapili anafanya fete, sherehe yake, kule nyumba ya pwani, wakubwa wake wanakuja kutoka mbali. Ameniita. Anataka ile miziki, lakini iwe ya kweli, isimwaibishe mbele ya wageni."

"Basi pigeni," mama akasema. "Minye nizuie kwa nini?"

"Nilimwambia kengele za bati hazifai. Nikamwambia kuko kengele za mfua wa Sange, na mwenye kuzijua ni binti yake. Nikamwambia binti hawezi kupiga vizuri ndugu yake akiwa mule ndani. Akacheka. Akasema: zikinipendeza, nitampa ndugu yake."

Nje mtu alikuwa anatwanga.

Mpaka leo sijui kama fundi alifanya vile kwa ajili ya mdogo wangu au kwa ajili ya kengele. Pengine hata yeye hajui. Mtu anaweza kukuokoa na kukuibia kwa mkono mmoja, nawe hujui umshukuru au umtemee mate. Nilimwambia:

"Umepata nyama yako sasa."

"Dada, unitukane kesho. Leo sema kama unakuja."

Mama alisimama juu ya kitanda, akazishusha zile kamba mbili. Akakaa chini, akaziweka mapajani. Kamba za mgomba zilikuwa zimekauka, akazikata kwa meno, moja moja, akitema vipande pembeni. Kila ulimi ulipotoka alishika kengele kwa kiganja isilie. Alipomaliza akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

"Mwenye kilio ni minye, na minye nimezifungua," akasema. "Kwa hiyo hilo si juu yako. Nenda ukapige, uniletee mwanangu. Lakini sikia. Wale walimlaza baba yako kwenye mfereji. Mikono uwape. Moyo usiwape. Usifurahi nao."

"Mama, nitafurahi vipi?"

"Nimesema tu."

Tulianza kujifunza siku iliyofuata, nyumbani kwa fundi, kati ya redio zilizopasuliwa matumbo. Ilikuwa vibaya. Mashine yake inatembea kwa miguu minne, imenyooka, haipumui. Kengele za baba zinatembea kwa miguu mitatu na kuruka. Nikianza nayo, baada ya kidogo niko mbele au niko nyuma, na yeye anapiga kelele:

"Nifuate! Nifuate!"

"Ningojee!"

"Haiwezi kungoja, ni mashine!"

"Basi iambie ijifunze."

Alijaribu kuifanya iende polepole, ikawa kama maziko. Nilijaribu kupiga nne kama yeye, na kengele zikawa zile za bati tu, vijiko. Nilitaka kulia. Nilimwona mdogo wangu mu depo, na minye hapa nagombana na sanduku. Kisha mkono wangu ukachoka kumfuata. Nikageuka nikatazama ukuta, kama baba alivyonigeuza, nikapiga mwendo wa yule mbwa peke yangu, bila kujali mashine inasema nini. Moja-mbili-tatu, kamruko. Na nyuma yangu bum, bum, bum, bum. Tuliachana. Tukaachana zaidi. Halafu, bila mtu kumngoja mwenzake, tukaangukia mguu mmoja pamoja, kishindo kimoja, kengele zote na ngoma yote. Kisha tukaachana tena, na tukakutana tena pale pale.

Fundi alizima mashine.

"Rudia," akasema, sauti ya chini kabisa.

Tulirudia mpaka batri ikafa. Nikirudi nyumbani nilijiambia kwamba ninatembea haraka hivi kwa sababu ya mdogo wangu.

Jumapili nilivaa kitenge cha kilio, kile cheusi. Nyumba ya pwani ilikuwa ya mfanyabiashara aliyekimbia, ina uwanja mpana unaoshuka hadi ziwani. Mwenye duka la mafuta aliwakopesha jenereta yake, akaijaza na mafuta, hakuna aliyemlazimisha, naliandika hilo pia. Wageni wa komanda walikaa chini ya turubai. Lakini wengi waliokuja kucheza walikuwa wa kwetu, vijana na wasichana wa Kasenga. Shefu wa avenyu alikuwepo, na soda mkononi, akanisalimia kana kwamba tumekutana ubatizoni.

Komanda alikuja mwenyewe kunipokea. Nilikuwa nimejitayarisha kumwona mnyama. Alikuwa mwanaume kijana, meno ya mbele yameachana, ananukia sabuni.

"Mama, karibu sana. Naambiwa baba yako alikuwa fundi mkubwa."

"Ndiyo, komanda."

"Yuko wapi sasa?"

Nilimtazama nione kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. Hakujua. Kwake ule mfereji haukuwa na mtu.

"Alisafiri," nikasema.

"Akirudi, mlete nimwone. Nchi inahitaji watu kama hao."

"Ndiyo, komanda."

Halafu tukaanza. Fundi aliiachia mashine peke yake kwanza, watu waione, waizoee. Nilisimama kando ya spika, nikageuza uso kwenye ukuta wa nyumba, nikasema ndani ya moyo: mikono tu. Nikaingia na ya kiume. Chini, mara moja moja, kama mtu anayebisha hodi. Nikaingia na ya kike. Nikasikia nyuma yangu mtu amesema "Eeeh!" kwa mshangao. Tukaachana na mashine, tukakutana. Tuliporudi kukutana mara nyingine, uwanja mzima ulijua tunakuja, ukatungojea, ukaruka pamoja nasi.

Nitaelezaje. Fundi alikuwa na kifungo cha kuzungusha, akikizungusha ngoma inazama kama ndoo kisimani, unasikia kivuli chake tu, na hapo kengele zinabaki peke yake juu ya uwanja, baba yangu peke yake juu ya uwanja, anatembea na yule mbwa wake kati ya watu wale. Hata wakubwa chini ya turubai wanaweka chupa chini. Kisha fundi anaitoa ndoo, ngoma inapanda, inapanda, na tunaanguka wote, mashine na chuma, na ardhi ile inatikisika mpaka magotini. Sikuwa naogopa. Sikuwa na njaa, sikuwa na kilio, sikuwa na vita. Nilikuwa nimegeuka, sijui lini, siutazami tena ukuta. Nilikuwa nawatazama. Nilikuwa nacheka. Meno yangu yote yalikuwa nje. Komanda aliingia katikati akicheza, alicheza vizuri, Mungu anisamehe, alifuata miguu mitatu wakati wengine wote wanafuata minne, akanielekeza kidole kama kusema, nimekusikia. Nikamwitikia kwa kengele. Alipiga mguu, nikamjibu. Alipiga mwingine, nikamjibu. Tulicheza hivyo, yeye na minye, na watu wanashangilia.

Sikuwahi kupiga vile kabla, na sijapiga vile tena. Siku bora ya mikono yangu ni ile.

Watu wanaojua kidogo habari hii hunifariji. Padri mmoja aliniambia nisijihukumu kwa kufungua kengele za marehemu, kwamba uhai unapita kilio. Majirani wanasema ulipiga kwa kulazimishwa, nani angekataa. Wote wananisamehe kufungua. Kufungua hakukuwa kwangu, mama alishasema. Wananisamehe kulazimishwa, na minye nalikumbuka vizuri lile jambo, mwanzoni nililazimishwa, lakini pale katikati hakuna aliyekuwa ananilazimisha. Ningeweza kupiga vibaya kidogo. Ningeweza kupiga vya kutosha. Nilimpa muuaji kilicho bora kuliko vyote vya nyumba yetu, na nilimpa nikifurahi, na hilo sijapata mtu wa kunisamehe kwa sababu sijapata mtu wa kumwambia.

Batri haikuwa na nafasi ya kufa siku ile, jenereta iliunguruma mpaka komanda alipotazama saa. Alinyanyua mkono, fundi akazima. Masikio yalinipigia kelele. Na hapo nikasikia mtu nyuma ya umati anasema, kwa sauti iliyokauka:

"Yaya."

Kwetu yaya ni dada mkubwa. Alikuwa mdogo wangu, ameketi chini, ameegemea ukuta wa jikoni, askari mmoja kando yake. Ndevu zimemla uso. Miguu imevimba, hakuna kiatu kingeingia. Nilipomkaribia, kwanza sikumjua uso.

Komanda hakuwa mwongo kwa jambo hilo. "Mchukue," akasema. "Na mwambie chumvi ibaki chini." Wageni wake wakacheka. Akaniuliza kama ningekuja tena fete nyingine. Nikasema, "Ndiyo, komanda." Hata hilo nilisema upesi mno.

Fundi alitaka kutusindikiza kwa baiskeli, nikamkatalia, na hiyo ndiyo mara ya mwisho tulisema naye maneno marefu. Baadaye alirudi Bujumbura na mashine yake. Tulikwenda sisi wawili, mdogo wangu ameniegemea bega, kengele nimezifunga ndani ya kitenge zisilie. Jua lilikuwa bado juu ya maji. Tulikwenda kidogo, tunasimama, tunakwenda. Sikuweza kuuliza walimfanya nini, kwa hiyo niliuliza neno la kijinga:

"Walikutoa saa ngapi?"

"Kabla hamjaanza. Waliniketisha pale, askari akaniambia, kaa utazame dada yako anakununua."

"Ulikuwa pale wakati wote?"

"Wakati wote." Akapumzika, ameshika mti. "Nilikuita, yaya. Nilikuita sana. Mara moja ulitazama kabisa upande wangu."

"Kelele zilikuwa nyingi. Sikusikia."

"Najua."

"Niliogopa, macho yalikuwa hayaoni."

Alinitazama. Alikuwa na jicho moja tu linalofunguka vizuri, na halikuwa na hasira, na hapo ndipo nilipotamani liwe nayo.

"Yaya, hukuogopa," akasema. "Lakini twende. Mama anangoja."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui nani alimwambia tunakuja. Pengine alisimama vile tangu nilipotoka. Hakupiga kelele. Alimpapasa mwanaye kichwa, masikio, mabega, vidole, kama mtu anayetafuta kama kuna kilichobaki kule. Akamlaza kwenye mkeka, akapasha maji ya chumvi, akaanza kumkanda miguu. Minye nilisimama na lile furushi langu. Aliponyoosha mkono nikampa, akaliweka nyuma yake bila kulifungua.

Kisha akauliza. Hakuniuliza minye. Alimuuliza yeye, bila kuinua macho kutoka kwenye ile miguu:

"Dada yako alipigaje?"

Nilitazama chini. Nilijua sasa litasemwa, na upande mmoja wa moyo ulitaka lisemwe, liishe, mama anipige na kile kijiti cha kukorogea ugali, anifukuze hata.

"Alipiga akilia, mama," mdogo wangu akasema. "Tangu mwanzo mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kwenye kengele."

Mama aliinamisha kichwa, kisha akanishika kifundo cha mguu, pale nilipokuwa nimesimama, akakikaza sana.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu maskini. Keti ule."

Mdogo wangu hakunitazama. Ameishi miaka mingi baada ya hapo, yuko Sange, anachechemea, ana wajukuu, na hajalifuta lile neno wala kulirudia, hata mama alipokufa, hata tulipokuwa sisi wawili tu kando ya jeneza. Alinipa uongo ule kama zawadi, naye nadhani alikuwa ananilipa. Sijui kama anajua ulivyo mzito kuubeba.

Mama alipakua ugali, na samaki wadogo wenye mawese, sahani yangu akaijaza kuliko ya mgonjwa. Niliketi. Nilitaka kusema siwezi, koo limefunga, kama mtu mwenye uchungu anavyosema. Lakini nilikuwa na njaa kama mtu aliyetoka harusini, na nilikula yote.